Swichi ya Korido na Jina la Mueni

Wiki yangu ya mwisho kazini, Shiro wa ofisi ya kompyuta aliniomba nimwandikie karatasi moja yenye amri zote nilizokuwa nikitumia kupima kama mashine mbili zinasikiana. Alitaka kuibandika ukutani, juu ya meza iliyokuwa yangu. Nilimwahidi. Baadaye nikaketi nyumbani hapa Thika nikaanza kuandika, na amri zenyewe zikaisha kabla sijajaza nusu ya ukurasa. Ziko nne au tano tu. Kurasa nyingine zote zimejazwa na watu: aliyenifundisha kuzitumia, na mama mmoja aliyeumia siku niliyozitumia vibaya.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa kiasi gani. Mambo hayo hayajawahi kurekebisha kebo yoyote.

Nilianza kazi katika kiwanda cha nguo hapa hapa Thika, nikiwa mpokeaji simu. Nilikaa mbele ya ubao wa simu wenye matundu mengi, nikiunganisha wanaopiga na wanaotafutwa, na nikidanganya kwa adabu kwamba meneja ametoka. Kompyuta zilipoletwa, zikiwa bado kwenye masanduku yake, wakubwa walitafuta mtu wa kumsaidia Bwana Wafula kuziunganisha. Walinichagua mimi kwa sababu moja tu: nilijua waya gani unaenda ofisi gani. Sikuwa nimewahi kugusa kibodi isipokuwa ya taipureta.

Bwana Wafula alikuwa fundi umeme wa mashine za kufuma. Alikuwa mrefu, wa koti la bluu lililofifia kwa kufuliwa, na penseli ilikaa nyuma ya sikio lake hata akiwa anakula. Walikuwa wamempeleka Nairobi kwa mafunzo ya wiki chache, akarudi na faili nene ambalo sikuwahi kumwona akilifungua.

Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya skrini nyeusi. Hapakuwa na picha yoyote, ni kamstari kamoja keupe kanakopepesa. Akaniambia niandike neno ping, niache nafasi, kisha niandike 127.0.0.1. Niliandika kwa kidole kimoja. Mistari minne ikatokea, mmoja baada ya mwingine.

"Nani amejibu?" akaniuliza.

"Sijui. Mashine ya Nairobi?"

"Ni hii hii iliyo mbele yako. Hiyo namba ni ya mashine kujiita yenyewe. Ikijiita na isijiitikie, hakuna haja ya kusumbua majirani."

Kisha akanipa namba nyingine, ya kompyuta ya godauni la pamba lililokuwa upande wa pili wa kiwanda. Nikaandika. Ikajibu mara nne. Niliitazama ile mistari nikashindwa kuiamini. Nikamwambia natoka kidogo, nikapita katikati ya ukumbi wa kufumia ambako mtu hasikii hata sauti yake mwenyewe, hadi godauni. Nilimkuta karani ameweka kikombe cha chai juu ya kompyuta.

"Umesikia chochote?" nikamuuliza.

"Kusikia nini?"

"Nimekupigia hodi sasa hivi. Kwa hiyo kompyuta."

Karani aliitazama kompyuta, akanitazama mimi, akanywa chai. "Dada, hapa sijasikia mtu."

Nilirudi nikamweleza Bwana Wafula. Nilitarajia acheke, lakini hakucheka. "Mashine imeitika, mtu hajaitika," akasema. "Hayo ni mambo mawili. Yaandike." Nikayaandika kwenye daftari la shule nililokuwa nimenunua njiani, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza ya kazi yangu mpya.

Siku hizo kebo ilikuwa moja, nyeusi, kama ile ya antena ya televisheni, na ilipita kutoka kompyuta hadi kompyuta kama kamba ya kuanikia nguo. Mtu mmoja akiikata, wote wanakatika. Bwana Wafula alikuwa na utaratibu ambao hakuubadilisha hata meneja akiwa amesimama mlangoni anapumua kwa hasira. Kwanza uliza mashine yako. Kisha uliza jirani wa karibu. Kisha yule anayefuata. Kisha mlango wa kutokea nje, na mwisho kabisa ndipo uulize kule mbali unakolalamikiwa. "Usiruke nyumba," alikuwa akisema. "Ukiruka nyumba utamlaumu mtu wa mwisho kwa kosa la mtu wa katikati."

Alinifundisha pia kusikiliza ukimya. Kuna ukimya ambapo skrini inakuambia muda umekwisha, Request timed out, maana yake umeita na hakuna aliyerudisha sauti. Na kuna jibu linalosema huko hakufikiki. Hilo linatoka kwa mashine yako au kwa mlango ulio njiani, na maana yake ni kwamba kuna mtu amekusikia, ila hajui njia ya kukupeleka. Vijana wengi huyasoma yote mawili kama neno moja: haifanyi kazi. Kisha wanazunguka jengo zima.

Nakumbuka kesi moja ya pale kiwandani. Ofisi ya mauzo ililalamika kwamba kompyuta zao ni za polepole asubuhi na nzuri jioni. Nilipiga ping nikaona katika kila hodi nne, moja inapotea. Si zote, moja tu. Nilitaka kubadilisha kompyuta. Bwana Wafula akakataa, akavua viatu, akaanza kuifuata ile kebo kwa mkono, akiipapasa kama mtu anayetafuta mwiba mguuni. Mlangoni mwa stoo akasimama. Kebo ilipita chini ya kizingiti cha chuma, na kila asubuhi mikokoteni ya vitambaa ilipita juu yake. Kwa nje ilikuwa nzima. Ndani ilikuwa imesagika. "Sasa unaweza kubadilisha," akasema, "lakini badilisha hizi futi mbili."

Nilikaa naye miaka mingi. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu, alikuwa katika kundi la kwanza. Aliniachia koleo lake la kubania vichwa vya kebo, akanisalimia kama kawaida, akaenda kwao Bungoma. Tuliongea kwa simu mara kadhaa, kisha namba yake ikaacha kupatikana. Mimi niliondoka katika kundi la tatu.

Nilipata kazi katika hospitali ndogo ya kanisa huko Ruiru, na ndiko nilikostaafia. Hospitali ni tofauti na kiwanda. Kiwandani mtandao ukikatika, nguo zinachelewa. Hospitalini watu hawakupigii simu kukuambia mtandao umekatika. Wanakupigia kukuambia jina la mgonjwa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa na vituko vyake. Kulikuwa na mashine ya kuchapisha ya famasia ambayo ilifanya kazi tu siku ambazo mhasibu hayuko. Famasia waliapa kwamba mhasibu ana mkosi. Niliipigia ping ikaitika, ikanyamaza, ikaitika. Nikaandika arp -a, amri inayokuonyesha namba ya ndani ya mashine iliyoitika, ile inayopigwa huko mashine inakotengenezwa na haibadiliki. Nikairudia baada ya dakika chache, na namba ikawa nyingine. Mashine mbili zilikuwa zimepewa anwani moja: ya kuchapisha, na kompyuta mpya ya mhasibu. Moja ikiitwa, zote mbili zinaitika. Nilibadilisha anwani ya mhasibu na mkosi ukamtoka siku hiyo hiyo, ingawa famasia waliendelea kumwangalia kwa jicho la pembeni kwa muda.

Sasa nifike kwa Mueni.

Mueni alikuwa mfanyakazi wa usafi wa korido ya maabara. Kwao ni Ngoliba, lakini alikuwa amepanga chumba Mwiki pamoja na binti yake Mutheu, aliyekuwa darasa la saba. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akipiga deki unaweza kupita bila kujua kwamba kuna mtu, isipokuwa sakafu imebadilika rangi.

Miezi hiyo kompyuta ya maabara ilianza kukatika. Ilikuwa inakatika asubuhi, dakika mbili tatu, kisha inarudi. Dakika mbili si kitu, lakini programu yao ilikuwa na tabia ya kuganda ikikatwa katikati ya kazi, na majibu ya vipimo yanabaki humo hadi mtu aje aifunge na kuifungua. Nilikuwa nimeahidi kuchunguza. Nilikuwa na mambo mengine.

Asubuhi moja mama mmoja alijifungua akaanza kutokwa na damu nyingi. Damu yake ikapelekwa maabara kupimwa kundi, ili atafutiwe ya kuongezewa. Majibu yakatoka, yakaandikwa, yakatumwa, na hayakufika. Kule wodini walingoja wakidhani maabara hawajamaliza. Maabara waliendelea na kazi wakidhani wodi wameshapata. Muuguzi wa zamu ndiye aliyechoka kungoja, akakimbia korido nzima kwa miguu, akarudi na kundi la damu limeandikwa kwenye kiganja chake. Yule mama alipona. Daktari alisema dakika kumi zaidi na asingepona.

Mimi niliitwa wakati muuguzi bado anakimbia. Kwenye meza yangu niliipigia ping kompyuta ya maabara: kimya. Nikashuka mbio. Kwenye tundu la ukutani, pale chini ambapo deki hupita, nilikuta kichwa cha kebo kimening'inia nusu. Kile kijino cha plastiki kinachokishikilia kilikuwa kimevunjika. Nikakisukuma ndani, nikajaribu tena, kompyuta ikaitika. Korido ilikuwa bado na majimaji.

Leo najua kwamba hata nisingeigusa ile kebo, kompyuta bado ingeitika. Tatizo lilikuwa limeshajimaliza lenyewe wakati natelemka ngazi. Lakini siku hiyo nilikuwa na kebo mkononi na sakafu mbichi mbele yangu, na sikuuliza zaidi. Kati ya meza yangu na maabara palikuwa na swichi, lile boksi dogo linalogawanya mtandao, limefungwa juu ukutani katika ile korido. Lilikuwa na anwani yake. Ningeweza kuliita kwanza, na ingenichukua sekunde nne. Niliruka nyumba moja.

Mchana huo msimamizi wa hospitali, Bwana Ndegwa, alituita ofisini kwake, mimi na Mueni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeulizwa swali na wakubwa wake na alitaka jibu kabla ya jioni.

"Wambui, kilitokea nini?"

"Kebo niliikuta imechomoka," nikasema. "Pale chini, ukutani. Na palikuwa pamepigwa deki wakati huo."

Mueni alinigeukia mimi, hakumgeukia msimamizi. "Madam, mimi sikuivuta. Huwa nainua huo waya kwa mkono ndipo napitisha deki. Wewe umeniona. Huwa nainua."

Ni kweli nilikuwa nimemwona, zaidi ya mara moja.

"Labda uliivuta bila kujua," nikamwambia. Nilidhani namsaidia, kwamba kosa la bahati mbaya ni jepesi kuliko kosa la uzembe. Bwana Ndegwa aliandika sentensi yangu kama nilivyoisema, akaniletea nitie sahihi. Nikatia. Mwisho wa wiki Mueni hakuwepo.

Mtandao ukatulia. Wiki mbili nzima maabara haikukatika hata mara moja, na watu wakatingisha vichwa: mnaona, ni yule. Na mimi nikatingisha. Wiki ya tatu, Jumanne, maabara wakapiga simu. Imekatika.

Nilikaa na ile simu mkononi baada ya wao kukata. Kisha nikafanya kile ambacho Bwana Wafula angenilazimisha kufanya tangu mwanzo. Nilifungua madirisha matatu meusi kwenye skrini. La kwanza likaita seva, kompyuta kuu ya hospitali, iliyo chumba cha pili kutoka kwangu. La pili likaita swichi ya korido. La tatu likaita kompyuta ya maabara. Kwenye kila moja niliweka -t, ambayo inamaanisha ita bila kuacha hadi nikukataze. Nikafungua daftari nikangoja. Jumatano walikatika saa nne na dakika kumi. Alhamisi saa nne na dakika tano. Na mara zote mbili seva iliendelea kuitika vizuri, huku swichi na kompyuta ya maabara vikinyamaza pamoja na kurudi karibu pamoja, baada ya dakika mbili.

Kama kosa lingekuwa kwenye kebo ya ukutani, swichi isingenyamaza. Kebo ile iko upande wa pili wake. Swichi yenyewe ndiyo ilikuwa inazimika na kuwaka upya. Kompyuta ya maabara ilikuwa na betri ya akiba, kwa hivyo haikuzimika, na ndiyo maana hakuna aliyefikiria umeme.

Ijumaa sikukaa kwenye meza. Nilisimama kwenye korido chini ya swichi nikitazama taa zake. Ilipofika saa nne na kitu, muuguzi aliingia chumba cha jirani chenye mashine ya mvuke ya kusafishia vifaa vya upasuaji, nikasikia akibonyeza kitufe cha kuiwasha. Taa za swichi, juu ya kichwa changu, zikazimika zote.

"Samahani," nikamwita, "hebu izime."

"Kuna nini?"

"Izime tu. Halafu ngoja nikuambie uwashe."

Akazima. Swichi ikawaka pole pole, taa moja moja. Ilipomaliza nikamwambia awashe tena. Zikazimika. Swichi na mashine ya mvuke zilikuwa zinakula umeme kutoka laini moja, na ile mashine ilipoanza kupasha maji ilivuta kwa nguvu mno.

"Hii mashine imekuwa hapa wakati wote?" nikamuuliza.

"Imekuwa hapa, ila iliharibika, si unakumbuka? Ilikaa wiki mbili tukingoja kifaa."

Nilihesabu kichwani. Ni zile wiki mbili.

Nilibadilisha laini ya swichi siku hiyo hiyo na kuiwekea betri, na maabara haikukatika tena kwa sababu hiyo. Kurekebisha kulichukua chini ya saa moja. Nikaandika ripoti ya pili, nikaipeleka kwa Bwana Ndegwa. Aliisoma mara mbili.

"Umefanya kazi nzuri," akasema.

"Na Mueni?"

Akavua miwani. "Wambui, lile faili lilifungwa. Tukilifungua, tutaulizwa sisi wote. Na wewe ndiye ulitia sahihi."

"Najua niliyetia sahihi ni mimi. Ndiyo maana nimekuja."

Akavaa miwani tena, akaiweka ripoti kwenye droo. Namba ya simu ya Mueni ilikuwa imezimwa. Nilipokwenda Mwiki, mama mwenye nyumba aliniambia alihama mwisho wa mwezi, akamtoa mtoto shuleni, wakarudi kwao. Jumamosi nikaenda Ngoliba. Niliulizia kanisani, wakanielekeza shamba lililo chini karibu na mkondo wa maji uliokauka.

Nilimkuta amekaa kwenye turubai akipiga ndengu kwa fimbo, Mutheu akipepeta pembeni. Alinyanyua macho, akaendelea kupiga.

"Habari yako, Mueni."

"Nzuri, madam."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani na yote yakanikimbia. Nikamweleza tu mambo yalivyotokea: mashine ya mvuke, swichi, madirisha matatu, zile wiki mbili. Alisikiliza hadi mwisho. Fimbo ilikuwa imetulia kwenye magoti yake.

"Kwa hivyo kompyuta ndiyo imesema si mimi."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuambia si mimi. Mbele ya yule mzee nikakuambia, na wewe umeniona nikiinua ule waya." Hakupandisha sauti. "Mimi hukuniamini. Kompyuta ndiyo umeamini."

Mutheu alikuwa ameacha kupepeta.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Na nitaandika barua, nitamlazimisha Bwana Ndegwa aitie sahihi."

"Barua nani atasoma? Hapa watu wanajua nilifukuzwa kwa sababu nilikaribia kuua mtu aliyetoka kuzaa. Mimi nikienda kisimani wamama wananyamaza." Akaokota ganda la ndengu, akalivunja kwa vidole. "Wewe ulisema kwa mdomo, madam. Sema tena kwa mdomo. Kule, na hapa."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilirudi Ngoliba, na wakati wa matangazo mzee wa kanisa akaniita mbele. Nilisimama mbele ya watu nisiowajua, nikataja jina langu, kazi yangu, na kosa langu. Nilisema Mueni hakuvuta waya wowote. Nilisema nilikuwa na njia ya kujua na sikuitumia, na kwamba nilikuwa nimemwona mara nyingi akiinua ule waya na sikulisema hilo nilipoulizwa. Mama mmoja wa safu ya nyuma akasema, "Tumesikia," na wengine wakarudia hivyo hivyo, bila kupiga makofi. Mueni aliangalia mbele muda wote.

Jumatatu, kwenye ibada ya asubuhi ya hospitali, nikayasema yale yale. Bwana Ndegwa alikuwa ameketi mbele akiangalia viatu vyake. Nilipomaliza, daktari mkuu hakuniuliza lolote juu ya swichi. Aliuliza, "Huyo mama yuko wapi sasa hivi?" Nikamwambia. Akamgeukia Bwana Ndegwa na kumwambia, "Mrudishe wiki hii." Bwana Ndegwa alimrudisha, na kwa haki yake niseme kwamba alimpigia simu yeye mwenyewe, kupitia jirani, hadi akampata.

Mutheu alipoteza muhula ule. Hilo halikurudishwa na ripoti yangu wala na maneno yangu ya kanisani.

Mueni alirudi kwenye korido ile ile. Kwa miezi mingi hatukuzidi salamu. Nilipita, nikamsalimia, akajibu "nzuri, madam," akaendelea na deki. Sikumlazimisha. Siku moja, baada ya mvua kubwa, alikuja hadi mlango wa ofisi yangu, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Mama Kimani," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu kwa mara ya kwanza, "kile kitaa cha mwisho cha lile boksi lako kimekuwa cha manjano tangu asubuhi. Huwa ni kijani."

Nilikwenda nikaangalia. Maji yalikuwa yanapenya ukutani polepole kuelekea kwenye kebo ya wodi ya watoto. Tuliikausha kabla mtu yeyote hajajua kuna tatizo. Tangu hapo, kabla sijagusa kibodi, nilikuwa naanza kwa kuwauliza waliokuwepo: wewe umeona nini? Wauguzi, askari wa lango, wapishi. Na nikawa nawangoja wamalize. Shiro aliwahi kuniuliza kwa nini napoteza muda hivyo wakati ping ni sekunde nne. Nilimjibu siku nyingine nitamweleza. Basi nimemweleza.

Sherehe ya kuniaga waliifanya kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, na soda, mandazi na hotuba. Bwana Ndegwa, naye akiwa amebakiza miaka michache kustaafu, alisema nilikuwa nguzo. Daktari alisema nilikuwa macho ya hospitali. Shiro alisema mambo ya kunichekesha ambayo mengi hayakuwa kweli. Kisha msimamizi wa sherehe akauliza kama kuna mtu wa usafi anayetaka kusema neno, na Mueni akasimama pale nyuma, akiwa bado amevaa aproni.

"Huyu mama alinisingizia," akasema. "Halafu akanitafuta."

Akaketi. Wengi wa vijana walikuwa wageni na hawakujua anazungumzia nini. Walitazamana, wakapiga makofi kwa heshima. Mimi na Bwana Ndegwa hatukupiga. Mimi nilivuka chumba, nikavuta kiti, nikaketi karibu na Mueni hadi chai ikaisha.